Mlango wa Gari la Mwalimu Oketch

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jepchumba alifunga mtungi wa maziwa nyuma ya baiskeli yake na kuwapelekea wateja wa baba yake. Nyumba zilikuwa nne, zote pembeni mwa mji wa Eldoret. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na hakuwahi kumwaga hata tone, jambo ambalo baba yake, Mzee Felix, alipenda kuwasimulia majirani.

Mteja wa mwisho alikuwa Mwalimu Oketch, aliyemfundisha Hisabati katika darasa la sita. Mwalimu huyo alikuwa amerudi mwezi mmoja tu uliopita. Januari ya mwaka huo wa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yake ilichomwa moto, naye akakimbilia Kisumu na familia yake katika gari lake dogo la kijani. Mke na watoto walibaki huko. Yeye alirudi peke yake, akapanga chumba na kuendelea kufundisha. Siku alipotokea tena langoni mwa shule, wanafunzi walimkimbilia, Jepchumba akiwa mbele yao wote.

Asubuhi moja ya Juni, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, baiskeli iliteleza kwenye matope nje ya chumba cha mwalimu. Mtungi uligonga mlango wa nyuma wa gari, kisha pedali ikakwaruza rangi. Jepchumba alipoinuka, aliona mlango umebonyea mahali pa ukubwa wa sahani, na chini yake mkwaruzo mrefu kama mkono wake. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Redio ya mwalimu ilikuwa ikivuma ndani, na hakuna aliyetoka. Alimimina maziwa haraka katika sufuria iliyokuwa kizingitini, akaondoka bila kubisha.

"Ni gari kuukuu," alijiambia njiani. "Atadhani ni mkokoteni uliopita."

Lakini mwalimu hakudhani hivyo. Siku hiyo alifundisha kichwa kikiwa chini, na alipouliza swali hakungoja jibu. Saa nne, Jepchumba alipopeleka madaftari ofisini, alimkuta akizungumza na mwalimu mkuu, Bi. Kavetsa.

"Mtu amelikwaruza gari langu makusudi, Madam," alisema Mwalimu Oketch. "Huo ni ujumbe. Mara ile pia walianza na mambo madogo madogo, ndipo wakachoma nyumba. Safari hii sitangoja. Naomba uhamisho."

"Labda ilikuwa ajali, Mwalimu."

"Mtu wa ajali si angebisha mlango? Mimi nilikuwa ndani."

Jepchumba aliweka madaftari mezani na kutoka. Kumbe mwalimu hakuwa na hasira. Aliogopa. Tena aliwaogopa majirani wote, watu ambao hawakufanya lolote.

Wakati wa chakula cha mchana alikimbia nyumbani. Aliugeuza mtungi, akaona rangi ya kijani imeshika ukingoni. Baba yake, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, alimwuliza anatafuta nini. Jepchumba alimweleza yote bila kuficha kitu. Mzee Felix aliweka panga chini na kuvaa kofia yake.

"Twende," alisema.

"Baba, naomba niseme mimi mwenyewe."

"Utasema wewe. Mimi nitasimama tu."

Walimkuta Mwalimu Oketch ofisini, karatasi ya barua mbele yake. Jepchumba aliuweka mtungi mezani.

"Mwalimu, ni mimi niliyegonga gari lako. Baiskeli iliteleza. Niliogopa, nikakimbia. Hakuna mtu mwingine."

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama Mzee Felix. "Hamjaja kunituliza tu, Mzee? Watu wema hufanya hivyo."

"Tazama hapa," Jepchumba alisema, akimwonyesha ukingo. "Hii ni rangi ya gari lako."

Mwalimu aliipitishia kidole rangi ile. Aliikwangua kwa ukucha, akaisogeza karibu na macho. Pole pole mabega yake yalishuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Gharama ya kulitengeneza ni yangu," alisema Mzee Felix.

Jumamosi walilipeleka gari kwa Wanyonyi, fundi wa bodi za magari. Wanyonyi aliugusa mlango kwa kiganja, akainama kuutazama kutoka upande.

"Njia ni tatu," alisema. "Tunaweza kununua mlango mwingine. Au nijaze hapa kwa fila, ule udongo laini wa mafundi, nipige rangi, mwende nalo leo jioni. Au nifungue mlango, niusukume kutoka ndani kwa nyundo, pole pole. Hiyo ni kazi ya siku mbili."

"Nunua mlango mwingine," Mzee Felix alisema mara moja. "Sitaki kuona alama yoyote."

"Mlango wa kijani kama huu sitaupata, Mzee. Utakuwa mweupe au mwekundu, na itabidi kuupaka wote."

Mwalimu Oketch alimgeukia Jepchumba. "Wewe unaonaje?"

Jepchumba hakutarajia kuulizwa. Alifikiri kidogo. "Hiyo fila hudumu?"

"Ikijazwa nene namna hii, hupasuka," alijibu Wanyonyi. "Maji huingia, kutu ikala chuma kwa chini. Kwa nje huoni kitu mpaka siku inapobanduka."

"Basi usukumwe kutoka ndani," Jepchumba alisema. "Na kama kuna kazi ninayoweza kufanya, nitafanya."

Wanyonyi alimpa msasa na ndoo ya maji. Siku mbili hizo, Mzee Felix alisambaza maziwa mwenyewe. Fundi aligonga kwa nyundo ndogo hadi bati likarudi mahali pake, akapaka fila nyembamba kama ganda la yai, na Jepchumba akasugua hadi vidole vikajikunja. Wanyonyi alipitisha kiganja na kumrudisha kazini mara mbili. Mara ya tatu alichukua bomba la rangi.

Jumapili alasiri mlango uling'aa. Mzee Felix aliuzunguka akitafuta kasoro, akakosa.

"Nani aliyepiga msasa?" Mwalimu Oketch aliuliza.

"Ni huyu binti," Wanyonyi alijibu. "Nimewahi kuwa na wanagenzi waliomshinda kwa nguvu, si kwa uangalifu."

Mzee Felix alivua kofia, akaivaa tena, asijue la kufanya kwa furaha.

"Barua ile sikuipeleka," mwalimu alisema. "Shule zikifungwa, nitakwenda kuwachukua mke wangu na watoto." Kisha akamwinamia Jepchumba. "Sikiliza, binti yangu. Kuteleza hakukuwa kosa lako. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa, kwa sababu uliponyamaza, mimi niliwashuku watu wasio na hatia, na nusura nihame. Siku nyingine likikutokea jambo, bisha mlango siku hiyo hiyo. Lakini ulirudi, ukasema kweli ingawa ulijua itakuaibisha. Watu wazima wengi wa mji huu bado hawajaweza."

"Nimesikia, Mwalimu," Jepchumba alisema, akasimama wima kando ya baba yake.