Mashati ya Mtu Mmoja

Kila asubuhi Mke wa Fundi alifanya mambo yale yale. Alifungua mlango, akafagia vipande vya nyuzi, akaitia cherehani tone la mafuta. Alimimina chai katika vikombe viwili. Kisha alikumbuka, akairudisha chai ya kikombe kimoja kwenye birika. Baada ya hapo alitundika mashati kwenye waya mbele ya mlango, akakaa kungoja wateja.

Fundi, mumewe, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alimwachia chumba hicho, cherehani, na kitambaa kigumu cha buluu. Kushona alijua. Miaka mingi alikuwa amekaa ubavuni mwa mumewe akitia vifungo na kupinda mapindo. Lakini wateja walikuja, wakajaribu mashati, wakashukuru, wakaenda zao. Sasa kitambaa kilikuwa kimebaki kidogo.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amekwisha kumwambia: "Shemeji, mvua zikianza nitakuja. Kama kazi bado haijaenda vizuri, tuuze cherehani, uje ukae kwetu. Watoto watakupisha chumba."

Alisema kwa wema. Lakini Mke wa Fundi hakutaka kupishwa chumba cha mtu. Alitaka kubaki na mlango wake, hata kama hakuna aliyebisha hodi.

Asubuhi moja, alipokuwa akitundika shati la mwisho, waya ulikatika. Mashati yote yakaanguka kwenye tope.

Alisimama akiyatazama. Hakuita mtu. Yule aliyezoea kumwita hakuwapo.

Jirani yake akatokea na dumu mkononi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno mengi, na mikono yake ilinukia limau. Alitengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwenye chupa, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni.

"Jirani, mbona umesimama kama mlingoti?" alisema. "Tope si moto. Lete beseni."

Walifua pamoja. Kisha walifunga kamba mpya, kutoka dirisha la huyu hadi dirisha la yule. Mashati yalipokwisha kutundikwa, Mama Sabuni alirudi nyuma akayatazama.

"Hebu nikuulize. Haya mashati ni ya watu wangapi?"

"Ya yeyote atakayenunua."

"Mbona urefu ni ule ule? Mabega ni yale yale. Na tazama, kila shati mkono wa kushoto umezidi kidogo. Huyu mteja wako ni nani?"

Mke wa Fundi aliinama, akaanza kukamua kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha kukamuliwa. Mumewe alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana. Mkono wake wa kushoto ulizidi ule wa kulia kidogo. Shati la mwisho alilolikata lilikuwa lake mwenyewe, na karatasi ya kukatia ilibaki juu ya meza. Mkewe hakuwa na moyo wa kuchora nyingine.

"Hicho ndicho kipimo nilicho nacho," alisema.

Mama Sabuni alipenda kucheka, lakini hapo hakucheka. Alilipindua dumu lake, akalikalia.

"Mimi nilipoanza," alisema, "nilitengeneza sabuni ya waridi, kwa sababu napenda waridi. Nikaipeleka kwa wapishi. Mmoja akaniambia, 'Mama, wateja wangu wanalalamika wali unanukia bibi harusi.' Sabuni ikanidodea nyumbani. Nilifulia mpaka mapazia."

Mke wa Fundi alitabasamu. Midomo yake ilikuwa imesahau kidogo namna ya kufanya hivyo.

"Ikabidi nirudi kwa wale wapishi niwaulize wanataka nini. Wakasema wanataka kitu cha kukata mafuta kwenye sufuria, basi. Nikatengeneza chupa chache tu, wakajaribu. Walipozirudia ndipo nikaongeza. Kwa hiyo, jirani, usikate kitambaa kabla hujamwuliza mtu. Kilichobaki ni kidogo, na mkasi ukishapita haurudi."

"Nimwulize nani? Mimi sijui kuongea na watu."

"Twende wote kwa mwoka mikate. Utaniachia mimi salamu, maana salamu ninazo hadi za akiba. Wewe utauliza."

Mwoka mikate alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye unga hadi kwenye nyusi. Mke wa Fundi alisimama mlangoni akizungusha tepu ya kupimia kidoleni. Mama Sabuni alimsukuma kwa kiwiko.

"Dada," Mke wa Fundi alisema, "nguo gani ya kazi inakusumbua kuipata?"

Mwoka mikate alinyoosha mikono yake. Ilikuwa na alama za kuungua, mistari mistari, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Aproni yenye mikono. Kila nikiingiza trei, tanuri linanibusu. Za dukani hazina mikono."

Mke wa Fundi alimpima. Ulikuwa mwili mfupi, wenye mabega membamba. Tangu mumewe afariki hakuwa amempima mtu. Alishangaa kusikia joto la bega la mtu chini ya vidole vyake.

"Utafanya kwa bei gani?" mwoka mikate aliuliza.

"Utakachonipa tu."

Mama Sabuni alikohoa kama aliyepaliwa. Akamvuta nje.

"Utakachonipa? Hiyo si bei. Hesabu kitambaa, uzi, vifungo na siku yako ya kazi. Hayo yote ni gharama. Kisha ongeza faida, maana na wewe unakula. Omba kianzio, yaani sehemu ya malipo, kabla ya kukata, na umpe siku ya kuja kuchukua, siku ambayo una hakika nayo. Fedha ya kazi usiichanganye na ya jikoni, zitakulana."

"Naona haya."

"Haya haitaisha kamwe, jirani. Sema unachotaka, kisha funga mdomo ungoje. Hapo kwenye kungoja ndipo watu wengi huharibu. Kimya kikiwazidi, wanaanza kupunguza wenyewe."

Mke wa Fundi alirudi ndani. Alitaja bei kwa sauti ndogo, akataja na kianzio. Kisha akafunga mdomo. Mwoka mikate alihesabu kwa vidole vyake vyenye unga.

"Sawa," alisema mwoka mikate. "Lakini mfuko uwe mkubwa."

Jioni hiyo Mke wa Fundi alitandika karatasi mpya juu ya meza. Ile ya mumewe aliikunja taratibu, akaiweka chini ya mto wake. Aproni ilikuwa tayari siku ile ile aliyoahidi. Mwoka mikate aliivaa sokoni, na wauza samaki wakauliza imetoka wapi. Mashati yale marefu Mke wa Fundi aliyafumua, akayapunguza kwa vipimo vya watu waliokuja. Alibakiza moja tu.

Mvua zilipoanza, shemeji alikuja na mkokoteni wa kubebea cherehani. Alikuta mteja ndani, ikabidi angoje nje chini ya upenu.

"Hodi, Fundi," sauti nyingine iliita.

Mke wa Fundi aligeuka nyuma kutazama, kama ilivyokuwa desturi yake. Nyuma hapakuwa na mtu. Akaelewa, akaitika mwenyewe.

Shemeji alivua koti lake lililochanika mfuko. "Basi nishonee hili. Na mimi niache kianzio?"

"Na wewe, shemeji. Tena wewe kwanza."

Alicheka, akaondoka na mkokoteni mtupu.

Jioni Mama Sabuni alipita kumsaidia kuanua nguo, kama siku zote. Kama siku zote, akachukua dumu lake. "Haya jirani, mimi nakwenda."

"Njia njema."

"Njia gani? Ni ukuta tu huo."

Kila jioni waliagana hivyo, na kila jioni Mke wa Fundi alirudi ndani akala peke yake, akimsikia upande wa pili wa ukuta mtu mwingine akila peke yake. Leo alibaki mlangoni. Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili. Hakuwa ameirudisha ya kimoja kwenye birika.

"Mama Sabuni."

"Naam?"

"Usiende. Nataka ukae tule pamoja. Leo, na kesho pia."

Kisha akafunga mdomo, akangoja.