Rejesta ya Hatari

Wewe uliona. Uliyaona maji ya mto yakipita chini ya daraja, rangi ya saruji, ukapandisha kioo cha gari. Samaki walipoelea matumbo juu, ukasema ni joto. Leo hugeuzi shingo. Kaa hapa, chumba cha nyuma cha duka la vipuri, uwasikilize wanaume watatu.

Saa 2:10 asubuhi.

Shoka, kiongozi wao, alichora kituo cha umeme kwa chaki juu ya meza. Dereva alikuwa shemeji wa Fundi, kaka wa mke wa Fundi. Na Fundi mwenyewe alishika mabomba ya kituo kile miaka kumi na mmoja, mpaka siku alipouliza maswali akafukuzwa. Koki ya bwawa la majivu ya makaa ya mawe aliifungua kwa mkono wake kila mvua iliponyesha, ili uchafu uondoke na mafuriko. Huko chini binti yake aliyanywa maji hayo. Ana miaka sita. Figo zimegoma.

Walikuwa wanafuata kitabu kimoja tu. Kampuni ilikuwa na kitabu safi cha kuwaonyesha wakaguzi wa mazingira, na kingine cha kweli, rejesta ya hatari, ofisini kwa meneja. Mamlaka ya mazingira ilikuwa imeagiza rejesta hiyo iletwe kesho saa tatu, kwenye kikao cha leseni. Fundi aliamini wataleta ya kughushi. Ya kweli ikifika, koki inafungwa na watoto wanatibiwa kwa amri. Shoka aliapa kuipeleka mwenyewe.

Leo kituoni kulikuwa na zoezi la moto. Sheria inataka king'ora kikilia milango yote ifunguke yenyewe na watu wote wakahesabiwe uwanjani. Dakika kumi na mbili, Fundi akawaeleza.

"Yaani sheria yao ndiyo funguo yetu," shemeji akasema, akacheka peke yake.

"Utaingia wewe, unayejua chumba," Shoka akamwambia Fundi. "Kitabu nipe dirishani, upande wa barabara. Ukidakwa, kisidakwe nawe."

Ikamwingia akilini. Akakubali.

Saa 4:30.

King'ora. Fundi akapita mlango wa wapakuaji, kichwa chini, ovaroli ileile ya zamani.

Saa 4:33.

Ofisi ya meneja. Kabati. Mtaimbo. Rejesta mkononi. Akaifungua, ingawa haikuwa kwenye mpango. Mstari wa kumi na nne: *Vijiji chini ya mto, maradhi ya figo kwa watoto. Uwezekano: tano kati ya tano. Athari kwa kampuni: moja kati ya tano. Hatua: hakuna.* Sahihi ya meneja. Miaka minne iliyopita. Binti yake alikuwa ndiyo kwanza ana miaka miwili.

Mluzi ukasikika nje. Akaipenyeza kati ya nondo za dirisha. Shoka akaipokea.

Saa 4:36, dakika sita kabla ya wakati, king'ora kikakatika. Mlango ukajifunga nyuma yake, tap.

Akauvuta. Akaupiga teke. Akarudi dirishani. Shoka alikuwa anampa rejesta mtu aliyeketi kiti cha nyuma cha gari la shemeji. Meneja.

"Kampuni walitaka iibwe, bwana," Shoka akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Ikiibwa hawana cha kuleta. Na walitaka mwizi mwenye kinyongo."

Fundi hakumtazama. "Shemeji. Yule ni mtoto wa dada yako."

Shemeji aliukodolea macho usukani. "Wamesema watamlipia hospitali."

"Nani kasema?" meneja akauliza. Alishangaa kweli.

Shoka akacheka. "Mimi. Ningemwambia nini?"

Shemeji akageuka, akamtazama Shoka.

"Washa gari," Shoka akasema.

Akawasha.

Saa 6:00 mchana.

Walinzi walimvunja Fundi vidole vitatu, ndipo wakaita polisi. Rejesta ikatupwa ndani ya tanuri la kituo, kurasa zote, ikawa umeme. Saa kumi alasiri mvua ikanyesha, na fundi mwingine akaenda kufungua koki.

Kikao bado ni kesho saa tatu. Rejesta haipo. Fundi yuko rumande, na binti yake anaulizia baba atarudi lini. Lakini maji yanapita sasa hivi. Chukua chupa. Shuka mtoni. Ijaze mbele ya watu wawili watakaoapa pamoja nawe maji yametoka wapi, na kesho uitue mezani mbele ya mamlaka. Usiniambie utafikiria. Inuka.