Vidole vya Ciakuthii

Ciakuthii alikuwa amefunga vitita vya miraa katika banda moja mjini Maua kwa miaka kumi na mmoja. Wenzake walimtania kwamba ana mikono minne. Masika ya mwaka huo vidole vyake vikaanza kuvimba. Kila asubuhi aliamka vimekakamaa, na asiyeweza kufunga miraa hana kazi bandani. Basi akaanza kutafuta mchawi.

Hakwenda mbali. Wanjugu, aliyeketi kando yake, alikuwa ameanza kuloweka kamba za mgomba kwenye beseni. Siku zote walifunga kwa kamba kavu. Kwa nini sasa maji? Na kwa nini yeye Ciakuthii ndiye apewe kamba hizo kwanza? Ciakuthii alimwambia mwenye banda, wanawake wote wakisikia, kwamba maji yale yametiwa sumu. Wanjugu hakubishana. Alihamia banda lingine.

Vidole vikazidi kuvimba. Ciakuthii akafunga kipande cha kamba kwenye karatasi, akampelekea Mukiri, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Pima hii. Niambie ni sumu gani."

Mukiri alitazama mikono yake. "Ni mkono gani unauma?"

"Yote miwili. Na vidole vya miguu. Asubuhi kukanyaga chini ni shida."

"Miguu nayo ulikuwa unaitia kwa beseni?"

Ciakuthii aliitazama miguu yake. Swali lilimchoma.

"Sikiza, mama," Mukiri alisema. "Mwili uko na askari wake. Ukijikata, askari wanatumia wenzao ujumbe: kujeni hapa, leteni damu. Ujumbe huo ni protini ndogo zinaitwa saitokini. Ndiyo maana kidonda kinavimba na kupata joto. Kazi ikiisha, saitokini zingine zinawaambia watulie."

"Mimi sijajikata."

"Ndiyo maana nashuku wanaitwa bure, hakuna adui, halafu wanapiga viungo vyako mwenyewe. Lakini mimi si daktari. Enda hospitali wakupime damu. Usingoje, kiungo kikiharibika hakirudi."

"Na wewe, nani amekutuma?"

"Hakuna. Kamba yako uende nayo."

Maumivu yalipozidi alikwenda, na hospitalini aliambiwa ni baridi yabisi. Alipewa dawa ya kupunguza ujumbe ule, akaelezwa kwamba inafanya kazi polepole na kwamba lazima arudi kupimwa damu. Wiki tatu alizishuku hata tembe zenyewe, lakini alizimeza. Baada ya miezi mitatu uvimbe ulipungua, akaanza kufunga miraa vizuri tena. Alifurahi, kisha aibu ikamshika. Akamfuata Wanjugu.

"Nilikukosea. Rudi."

"Niliona vidole vyako vinashindwa, nikalainisha kamba," Wanjugu alisema, bila kuacha kazi. "Wewe ukanitangaza. Kaseme hayo huko huko mbele ya wale wamama."

Asubuhi iliyofuata Ciakuthii alisimama katikati ya banda, akasema yote: ugonjwa, dawa, na uongo aliomsingizia mwenzake.

Wanjugu alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. Akaingia.

"Sogea basi," alisema, "nikae."