Paneli ya Mgongoni

Taa ya kijani ya paneli ya sola iliwaka kivulini, mahali ambapo jua halikuwa limefika. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mpima ardhi alifurahi.

Watu walimwita Asilimia, maana kutwa nzima swali lake lilikuwa hilo hilo: "Asilimia ngapi?" Aliingia msituni kwa siku nne, kusiko na hata nguzo moja ya umeme, akiwa na simu mbili, kompyuta, kamera, mashine ya kupimia na betri mbili za akiba. Yeye alibeba kofia. Vingine vyote alibeba mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemtoa shule akidai anakwenda kumfundisha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea na paneli ya sola imefungwa mgongoni, waya ukiingia begini, na kuligeuzia jua mgongo kila njia ilipopinda. Wenzake walikuwa darasani. Yeye alifanywa nguzo ya umeme yenye miguu. Akiomba kupumzika, mjomba alijibu bila kugeuka, "Bado kidogo."

Siku ya pili, saa sita mchana, walifika kwenye jiwe pana jeusi. Miti ililiinamia pande zote, lakini juu yake hapakuwa na jani hata moja. Mwanamke aliyewaongoza, mrina asali wa msitu ule, aliwasihi wapite. Alisema jiwe lina mwenyewe, na saa hiyo mwenyewe huwa amekaa. Asilimia akacheka mpaka akakohoa, akasema jini asiye na hati hana kiwanja. Akaitandaza paneli juu ya jiwe, akala, akakoroma.

Walipoondoka, mpwa akaifunga tena mgongoni. Njia ikazama kwenye miti minene, na hapo ndipo taa ilipowaka. Betri zilizokuwa nusu zikajaa kabla hawajavuka kijito. Asilimia akajisifu kwamba yeye hanunui takataka.

"Mjomba, imekuwa nzito," mpwa alisema kwa sauti ya chini.

"Kilo moja na nusu. Uliobaki ni uzito wa uvivu wako."

Mpwa hakubishana, ingawa mzigo ulikuwa mzito kama mtoto aliyelala, kisha kama mtoto aliyeamka na kuanza kujivuta juu, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikamzunguka kichwani, na kila kifaa kilipojaa yeye alipungua, vidole vikapoa, mpaka nyuma ya sikio lake la kushoto kitu kikavuta pumzi ndefu, kikaiachia polepole, baridi kama maji ya kisima, kikauliza kwa sauti ya mjomba wake, sauti ile ile yenye dharau, ilhali mjomba mwenyewe alikuwa hatua ishirini mbele akinywa maji: "Asilimia ngapi?"

Akaanguka kwa magoti. Mrina asali akamfikia, akamtazama mgongoni mara moja tu, akainamisha macho.

"Umemjibu?" alinong'ona.

Mpwa akatikisa kichwa.

"Vizuri, mwanangu. Anayemjibu ndiye anayembeba."

Akawasha majani anayofukizia nyuki, akaufukiza mgongo ule na mikanda yake, akiomba dua kwa kunong'ona. Kisha akamwita Asilimia kwa sauti, akamwambia kwamba paneli ibaki pale pale na kila kilichounganishwa nayo, la sivyo binti hatauona usiku.

Asilimia alirudi mbio. Hakumgusa mpwa wake. Aliinama kuangalia kama waya umechomoka. Alipoona haujachomoka akashusha pumzi, akawaita washamba wote wawili, akaifungua mikanda na kuivaa paneli mwenyewe.

Kitu kikamuuliza.

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Asilimia akatabasamu, akatoa kifua mbele.

"Mia," alijibu.

Mpwa akasimama bila kushikwa mkono. Moshi ukamgeukia mjomba, ukampita pembeni kama maji yanavyopita jiwe.

Sasa paneli imefungiwa kabatini, na Asilimia bado anatembea amepinda kama mwenye gunia. Hulala kifudifudi. Daktari amepima uti wa mgongo, hakuona kitu. Simu zake hazijachajiwa tangu safari ile na hazijapungua hata asilimia moja. Hilo bado huwaonyesha wageni, mjinga huyu, akiwa ameinama hivyo hivyo. Chumba kikitulia, nyuma yake kuna anayeuliza kwa sauti yake mwenyewe, naye hujibu, na kila akijibu kidevu chake hukaribia magoti.

Asubuhi moja alimwona mpwa akipita mlangoni na daftari kwapani.

"Mpwa wangu," alisema, machozi yakidondokea sakafuni, "nipokee. Dakika moja tu."

Nyumba nzima ilinuka maziwa yaliyoungua. Mpwa alisimama, akamtazama, akaweka sawa daftari zake.

"Bado kidogo, mjomba."