Mgonjwa wa Kiti cha Nyuma

Wangeci alikuwa anaingia Lavington taa ya mshipi wa kiti cha nyuma ilipowaka, na kengele ikaanza: ti, ti, ti. Gari lake la umeme hulia hivyo mtu akikaa nyuma bila kujifunga. Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akajiambia ni mkoba umekilemea, lakini mkoba ulikuwa mbele, karibu naye.

Sasa, Wangeci si mtu mbaya, msije mkasema mimi nilimsema. Ila muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefanya kitu cha aibu. Alikuwa ametoka Nakuru. Chaja ya Naivasha aliikuta imezimwa, ya Limuru ina gari limeachwa hapo na mwenyewe haonekani, basi akateremka akiwa amezima hata redio, roho mkononi. Akapita Kinoo, kwa mama yake mzazi, bila kusimama. Alipofika kwenye chaja ya maduka fulani karibu na Adams Arcade, betri inakata roho, akapata foleni. Na huko Lavington bosi wake alikuwa anakata keki ya bethidei, na Wangeci alitaka sana kuonekana.

Akamwendea dereva wa teksi aliyekuwa mbele, mzee mmoja anaitwa Isaiah.

"Mzee, nisaidie, aki. Niko na mgonjwa kwa gari. Ni mamangu, hawezi kupumua."

Vioo vyake vya nyuma vilikuwa vyeusi. Nani angejua?

"Woi!" Isaiah akavua kofia. "Yangu imekwisha chaji, ningewakimbiza mimi. Pita, dada, pita!"

Akawapungia wenzake mkono, wote wakarudi nyuma bila neno. Mwanamke mmoja akamletea chupa ya maji, ampe mgonjwa. Wangeci akaipokea, akaingia ndani ya gari, na maji akayanywa yeye. Lo! Hebu fikiria.

Basi keki aliila. Kengele ile ikalia njia yote ya kurudi, na kesho yake, na kesho kutwa. Kisha kioo cha nyuma, upande mmoja tu, kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, kama mtu anapumua karibu nacho. Ikaja na harufu ya dawa ya kuchua kifua na blanketi lililolowa.

Siku hiyo hiyo ndugu yake Waithaka akapiga simu kutoka Kinoo. "Mathe amekosa pumzi. Daktari amepima, haoni kitu."

Wangeci alienda mbio. Mama yake, Veronicah, ambaye juzi tu alikuwa anabeba ndoo za maji, alikuwa amelala, midomo imekauka.

"Wangeci," akanong'ona, "umenipeleka wapi? Nikifunga macho najiona niko kwa gari yako. Huko nyuma ni baridi."

Wangeci akatoka nje. Na kuanzia siku hiyo akaona jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mtu: kila alipochomeka kebo kwenye chaja, yoyote ile, ya mjini au ya njiani, na namba za betri zikaanza kupanda, kule nyuma palisikika pumzi ikivutwa, kwanza nyembamba na ya kukwaruza, kisha nzito, kisha yenye afya, na akipigia Kinoo simu aliambiwa mama amezidiwa tena.

Selpher, jirani wa pale Kinoo na kiongozi wa maombi kanisani, alikuja kumwombea mgonjwa. Alipopita karibu na gari akasimama.

"Ni nani huyu umemfungia humu?"

"Hakuna mtu."

"Wangeci. Nimeomba kwa nyumba nyingi. Usinidanganye."

Wangeci akasema yote, macho chini. Selpher akamshika mkono.

"Ulisema yuko, akaja. Hilo ni jini, na linakula pumzi ya yule uliyemtaja. Rudi pale pale, useme mbele ya watu kwamba ulidanganya. Leo. Likimaliza pumzi yake, hakuna ombi litakalomrudisha."

"Mbele ya watu?" Wangeci akauliza. Aibu! Mama anakufa, na yeye anauliza hilo.

Alienda alasiri hiyo, mvua ikinyesha. Isaiah alikuwa hapo kwenye foleni na akamjua mara moja.

"Dada! Mama anaendeleaje? Tulimwombea hapa."

"Nilidanganya," Wangeci akasema, kwa sauti ili wote wasikie. "Sikuwa na mgonjwa. Hakuna mtu humu." Akafungua mlango wa nyuma.

Isaiah akainama, akachungulia. Polepole akavua kofia.

"Pole sana, shosho," akasema.

Wangeci akatazama. Kulikuwa na mtu amekaa pale, amejifunika lile blanketi la mama yake la Kinoo, mikono ni ile ile yenye kovu la jiko, lakini uso ulikuwa haujakamilika, mahali pa macho ngozi ilikuwa bado inajivuta na kutafuta umbo, na watu waliokuwa wamejaa mlangoni hawakuona hilo, waliona tu bibi mgonjwa anatetemeka.

"Anamkana mamake mchana hivi!" mtu akasema. "Mtoto gani huyu?" Simu zikatolewa, zikamwelekea.

"Mwacheni," sauti ya Veronicah ikasema kutoka ndani, kwa upole. "Ananionea haya."

Watu wakaguna. Wangeci akahisi uso unamchoma.

"Dada," Isaiah akauliza taratibu, "huyu ni mamako ama si mamako?"

Neno moja tu lilitakiwa. Alijua ni lipi. Lakini macho yote yale, na zile simu.

"Ni mamangu," Wangeci akasema.

Kule nyuma uso ukakamilika. Ukatabasamu. Isaiah akaingiza mkono, akamfunga bibi mshipi vizuri, na kengele ikanyamaza. Akafunga mlango polepole, asimshtue mgonjwa.

Wangeci akakaa kwenye usukani. Simu yake ikaita. Ilikuwa Waithaka.

"Shika, mwanangu," sauti ya nyuma ikasema. "Mwambie mama yuko sawa."