Laptop Haitaki Kulalia Mto

Katika nyumba hii hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake. Mkono wa jokofu umevalishwa kifuniko cha maua. Hata rimoti ya televisheni iko ndani ya nailoni. Mama mwenye nyumba ni mshonaji wa mito ya makochi, na hajawahi kukosa kipande cha kufunikia kitu.

Cherehani yake iko karibu na mlango wa sebule. Upande wa pili, chini ya dirisha, kuna meza ya mkwe wake. Mkwe huyu ni mke wa mwanawe, na ana mtoto mchanga. Kazi yake ni kutengeneza video za masomo. Walimu wanajirekodi wakifundisha. Yeye anakata makosa, anaunganisha vipande, anaweka picha na maandishi. Kazi yote anaifanya hapo nyumbani, kwenye kompyuta ndogo ya kukunja, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptop.

Mama alipoiona laptop juu ya ubao mtupu, hakupendezwa.

"Kitu cha thamani hivi kinalala chini kama mbwa?" alisema. "Kitachubuka."

Akaishonea mto. Sponji nene, mahameli ya zambarau, pindo la dhahabu pembeni. Mkwe alishukuru sana. Mto ulikuwa mzuri kweli, na mama huyu hamshonei kila mtu bure.

Matatizo yalianza taratibu. Laptop ikawa inapata moto. Feni yake ya ndani ikawa inavuma kama inataka kuruka. Video zikawa zinakwamakwama. Halafu siku moja, katikati ya kazi, skrini ikawa nyeusi. Laptop imejizima yenyewe.

Ikarudia. Kila ikijizima, kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea, na mkwe anaanza upya. Masomo yakawa yanachelewa. Hatimaye msimamizi wake akapiga simu asubuhi, na sauti yake ilisikika sebule nzima.

"Dada, nimechoka na visingizio. Jana laptop, leo laptop. Huu ni uzembe tu. Somo la hesabu nalitaka kesho jioni. Lisipofika, kazi nampa mtu mwingine."

Akakata bila kuaga.

Mkwe alibaki ameshika simu. Hakuwa na kazi nyingine. Na hii ndiyo iliyomruhusu kunyonyesha mtoto wake na kufanya kazi kwa wakati mmoja. Ikiondoka, atapata wapi nyingine kama hiyo?

"Mimi nilikwambia," mumewe alisema huku akinywa chai. Mumewe ni kinyozi, na watu wote wanamwita Kinyozi, hata mama yake akiwa amemkasirikia. "Unafungua vitu vingi kwa mara moja. Halafu hiyo ina virusi."

"Virusi vinachoma vidole?" mkewe alimjibu. "Hebu shika hapa. Shika! Si unaweza kupashia chai yako?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Cherehani hii nilikuwa nayo kabla huyo mumeo hajazaliwa," alisema. "Haijanizimikia hata siku moja. Chombo kinataka mtu makini, mwanangu. Msimamizi wako hajasema uongo."

Maneno hayo yalimchoma mkwe kuliko laptop yenyewe. Akaenda chumbani kumbadilisha mtoto nepi. Huko alilia kwa hasira, kimya kimya, mkono mmoja ukiwa umeshika miguu ya mtoto.

Aliporudi sebuleni, meza ilikuwa tupu.

"Laptop iko wapi?"

"Nimeshakusaidia," Kinyozi alisema kwa furaha. "Si ilikuwa na joto? Nimeiweka kwenye jokofu tangu tulipomaliza chai."

Mkwe alifungua jokofu. Laptop yake ilikuwa mle, juu ya mto wake wa zambarau, kati ya maziwa na nyanya.

"Wewe mwanaume!" alipiga kelele. "Una akili timamu wewe?"

"Kwani soda ikiwa ya moto tunaiweka wapi?"

"Hii ni soda? Nijibu! Hii ni soda?"

"Usimfokee mume wako mbele yangu!" Mama alisimama.

"Mama, nisamehe, lakini leo nitafoka. Mmeniita mzembe. Nimenyamaza. Sasa mmoja ananitukana, mwingine anagandisha kazi yangu kama samaki. Leo sinyamazi!" Alimkabidhi Kinyozi mtoto. "Mshike mwanao. Na ole wako nikimkuta kwenye jokofu."

Akachukua laptop, akatoka. Mama naye akajitupia mtandio kichwani, akachukua mto wake, akamfuata.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nakwenda nawe kwa fundi. Sitaki jina langu lisemwe huko nikiwa sipo."

Walitembea barabara nzima bila kusemeshana. Mama alikuwa akimwomba Mungu ampe subira, lakini aliomba kwa sauti kubwa, ili mkwe asikie.

Fundi wa kompyuta wa mtaa ule ni mwanamke, jina lake la mtaani ni Mama Skrubu. Anajulikana kwa mambo mawili. Mkono wake ni mwepesi, na mdomo wake haubembelezi mteja. Katika chumba chake kidogo, skrubu zimepangwa ndani ya vifuniko vya chupa, na yeye ameketi juu ya kigoda kigumu kisicho na kitu.

Mkwe alipoiweka laptop mezani, ilikuwa imelowa matone madogo madogo ya maji. Akapeleka kidole kwenye swichi.

"Usiiwashe!" Mama Skrubu alifoka. "Ondoa mkono! Nani ameiogesha hii?"

"Ilikuwa kwenye jokofu."

Mama Skrubu aliweka bisibisi chini.

"Sema tena."

"Kwenye jokofu. Ni mume wangu, yule Kinyozi."

"Mwambie huyo mume abaki na vichwa vya watu. Glasi ya maji baridi ukiiweka mezani, nje yake si inatoka jasho? Basi na hii ni hivyo hivyo. Ikitoka kwenye baridi ikakutana na hewa ya joto, inatoka jasho mpaka ndani. Ukipitisha umeme kwenye jasho hilo, umeiua. Usiiweke kwenye jokofu, usiifunge kitambaa kibichi, usiipeleke karibu na barafu. Mnanisikia?"

Alifungua kifuniko cha chini, akachomoa waya wa betri. Akainama. Akachukua kibanio, akavuta kitu kutoka kwenye feni. Lilitoka donge la manyoya laini, limesokotana na vumbi.

"Zambarau," alisema. "Nani kwenu anavaa zambarau?"

Mama alisogeza mto nyuma ya mgongo wake.

"Mama, toa hicho unachoficha."

Mto ukatoka. Mama Skrubu aliutazama, akaubonyeza, akautazama tena. Uso wake ukabadilika.

"Kwa hiyo nyinyi mmeinyonga. Mnaona matundu haya ya chini? Hapa ndipo feni inapovuta hewa. Hapa pembeni ndipo joto linapotokea. Mmeikalisha kwenye sponji, imezama, matundu yote yamezibwa. Inavuta hewa, inavuta manyoya ya mto! Kila siku naletewa hizi. Mwingine anaiweka kitandani, mwingine kwenye zulia, mwingine kwenye blanketi. Halafu wanakuja hapa kulia eti laptop ni feki! Mnaua vitu kwa mapenzi, nyinyi watu!"

Alipumua. Ndipo akaona mvi za Mama.

"Hata sijakuamkia. Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama alijibu, midomo imebana. "Endelea kunitukana."

"Sikutukani, mama yangu. Nina uchungu tu."

"Mimi pia nina uchungu! Mto huu nimeushona kwa mikono yangu. Mahameli safi. Sasa nimekuwa muuaji? Kitu laini kitamdhuru nani?"

"Mama, kazi yako ni mito. Ukishona mto wa ngozi usioingiza hewa, mtu akiukalia inakuwaje?"

"Unapasuka mshono," Mama alisema haraka, kwa sababu hilo analijua hata usingizini. "Ndiyo maana natia vitundu vya chuma pembeni. Hewa lazima ipate pa kutokea. Mwanafunzi wangu akisahau vitundu, namfumulisha..."

Aliitazama laptop iliyo wazi. Akatazama vile vitundu vya chini, vimejaa manyoya yake.

Mkwe alitazama pembeni. Hakutaka mama mkwe aone kwamba anamwangalia.

"Kwa nini aliyetuuzia hakusema?" Mama alilipuka. "Ana mdomo wa kuhesabia hela tu?"

"Hapo sasa tuko pamoja," Mama Skrubu alisema.

Alisafisha feni kwa brashi laini, akaipuliza. Hakuianika juani. Aliiacha wazi mahali pakavu, upepo ukipita, mpaka alipohakikisha hakuna unyevu. Mkwe alisubiri mpaka mchana ukapita, akitikisa mguu. Somo la hesabu lilikuwa bado halijafika hata nusu.

Ilipowashwa, ikawaka. Mkwe alishika kifua.

"Mshukuru Mungu, siyo mimi," Mama Skrubu alisema. "Ingekuwa imekufa. Sasa njoo, mama. Nataka uone kwa macho yako."

Alifungua kipimo cha joto kwenye skrini, akacheza video nzito, akaiweka laptop juu ya mto wa zambarau. Namba ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda. Feni ikalia. Kisha akatoa kitu bapa kama sinia, chenye matundu mengi na feni mbili chini yake. Akauchomeka waya wake mfupi kwenye tundu la pembeni la laptop, feni zikazunguka. Akaiweka laptop juu yake.

"Hii ni stendi ya kupozea. Tia mkono chini. Unasikia upepo? Sasa tazama namba."

Namba ilisimama. Kisha ikaanza kushuka.

"Mungu astahili kushukuriwa," Mama alinong'ona, macho kwenye skrini.

"Stendi inafanya mambo mawili. Inainua laptop ili hewa ipite chini. Na inaipulizia hewa. Lakini si kila stendi inafaa kila laptop. Geuza laptop yako kwanza, uone matundu yako wapi. Chagua stendi ambayo feni zake zinafika hapo. Na ukubwa wake ulingane na laptop, isining'inie."

"Na asiye na stendi?" mkwe aliuliza.

"Aiweke juu ya meza ngumu, ainue upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao, matundu yabaki wazi. Hiyo peke yake inasaidia. Lakini stendi si uchawi. Ukiiweka stendi yenyewe juu ya godoro, umefanya kazi bure. Vumbi la ndani nalo haliondoi, lazima laptop isafishwe mara kwa mara. Na ukiona betri imevimba, au unasikia harufu ya kuungua, zima, acha kuitumia, lete kwa fundi. Usijaribu ujasiri."

Mkwe alikuwa anapapasa mkoba atafute pesa. Mama akamzuia.

"Huyu fundi anakalia ubao kama mfungwa," alisema. Akachukua mto wa zambarau, akaukung'uta kwa nguvu, akauweka juu ya kigoda. "Kalia. Na kesho nakuletea mwingine wa mgongo. Stendi tunaondoka nayo."

Mama Skrubu alikaa. Akajaribu kukunja uso, akashindwa.

"Mto mzuri, mama. Sema mlikuwa mmeukosea mkaaji."

Nyumbani, Kinyozi aliwapokea mlangoni, mtoto begani.

"Imepona? Jokofu limesaidia, sivyo?"

"Wewe nyamaza!" wanawake wawili walimjibu kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kukubaliana.

Mkwe alifanya kazi mpaka usiku, na kesho yake tangu asubuhi. Laptop haikujizima. Kila akipita, Mama aliinama na kupitisha kiganja chini ya stendi, kama anayepima homa. Alimfukuza Kinyozi alipotaka kuweka gazeti karibu na matundu. Mtoto alipolia, alimbeba mwenyewe. Somo la hesabu likaenda kabla jua halijazama.

Simu ikalia muda mfupi baadaye. Mkwe alikuwa ananyonyesha, akaiweka kwenye spika.

"Nimeliona somo," msimamizi alisema. "Ni zuri. Kumbe ukiacha uzembe unaweza, dada."

Mkwe alifungua mdomo. Kabla hajasema, mkono wa Mama ukapita juu ya meza, ukachukua simu.

"Mzembe ni nani?" Mama alisema.

"Samahani, naongea na nani?"

"Unaongea na mama mkwe wake. Mkwe wangu si mzembe. Laptop ilikuwa inajizima kwa joto, na joto nililitia mimi. Niliilaza juu ya mto wa sponji, ikakosa hewa. Na mimi nilimwita mzembe kama wewe, humu humu ndani, na Mungu alinisikia. Basi neno hilo mimi nimelirudisha. Na wewe lirudishe."

Kazi yote ya mkwe ilikuwa ndani ya simu ile, mkononi mwa mama mkwe mwenye hasira.

Upande wa pili msimamizi akakohoa.

"Nimekosa, mama. Nalirudisha. Mwambie wiki ijayo namtumia masomo ya fizikia, yote." Akasita. "Lakini, mama, hebu nielezee hilo la mto. Yangu hapa imechemka, na feni inalia kweli kweli."

"Iko juu ya nini?"

"Iko... kitandani. Juu ya blanketi."

"Blanketi!" Mama alisimama wima. "Mtu mzima na kazi yako! Itoe sasa hivi, weka mezani. Nenda! Nasubiri hapa hapa kwenye simu."