Kengele Iliyolia Kwanza

"Nimeshasema, kebo imekatika chini ya barabara. Mafundi wanaanza kuchimba sasa hivi," msimamizi alisema.

"Wachimbe tu, bosi. Watapata shimo," mama alijibu, macho kwenye kompyuta.

Msichana alisimama mlangoni, begi la shule mgongoni. Kila siku baada ya masomo alipitia hapa, kwenye chumba cha uangalizi wa mitambo ya simu, ili arudi nyumbani na mama yake. Leo hakuna aliyemsalimia. Skrini ya ukutani ilijaa alama nyekundu. Vituo ishirini na vitatu vilikuwa vimezimika saa saba mchana, vyote kwa mpigo mmoja, na simu za wilaya nzima zilikuwa kimya.

Kwenye benchi alikaa mjomba wake, mlinzi wa kituo cha kilimani, aliyeletwa ahojiwe, kofia magotini. Ndiye aliyemnunulia sare aliyovaa.

"Vituo ishirini na vitatu vinalia kengele, wewe umeng'ang'ania kimoja cha kilimani," msimamizi alisema.

"Vingine vinalia kwa sababu mwenzao kaanguka. Simu zao zote hupitia kilimani. Mimi sitafuti kinacholia sana, natafuta kilicholia kwanza." Mama alichukua karatasi, akaandika kengele za mitambo kwa kufuata saa. "Saa moja na nusu asubuhi, kilimani, mlango umefunguliwa. Dakika nane baadaye, kilimani, umeme umekatika. Asubuhi hiyo mjini pia hakukuwa na umeme, tukadhani ni yale yale. Lakini wa mjini ulirudi saa mbili, wa kilimani haukurudi. Saa saba kasorobo, kilimani, betri zinakwisha. Saa saba, vyote chini."

Msimamizi akamgeukia mlinzi. "Nani aliufungua mlango?"

"Si mimi, bosi. Nilikwenda kuchota maji. Ufunguo niliuacha msumarini."

"Nani alifika pale?"

Mjomba aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Basi kesho usije kazini."

Msichana alisogea mbele. "Ni mimi," alisema.

Wote watatu walimtazama.

"Nyumbani hakukuwa na umeme, lakini kilimani ulikuwepo. Nilipompelekea mjomba chai nilibeba na pasi, nikaichomeka mle ndani. Nikiwa bado nanyoosha shati, ikalia tap, taa ya kijani ikazimika. Nikadhani pasi imeungua. Nikafunga mlango, nikakimbilia shule."

Mama alilitazama shati la bintiye. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama karatasi mpya. Wa kushoto ulikuwa kama umetafunwa na mbuzi. Msimamizi alijikuta anacheka.

"Pasi yako iliangusha swichi kubwa," mama alisema. "Betri zikakibeba kituo mpaka zikachoka."

Msimamizi alichungulia dirishani, akamwita dereva. "Kimbia kawaambie mafundi waweke sururu chini. Kisha tupeleke kilimani."

Ndani ya gari msichana alikaa karibu na mjomba. "Ulijua?"

"Niliporudi na maji chumba kilinuka nguo iliyopigwa pasi," mjomba alisema. "Mitambo haivai mashati, mpwa wangu."

"Nisamehe, mjomba. Na asante."

"Asante wewe. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku bila kazi."

Mama aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Na mimi nakushukuru kwa kusema. Ungenyamaza, mjomba wako angebeba kosa lako. Lakini ungesema asubuhi, hakuna simu hata moja ambayo ingezimika. Kosa likisemwa pale lilipoanzia, ni swichi moja tu ya kuinua. Ukilificha, linaangusha na wasiohusika."

Kilimani, mama aliinua swichi. Taa ya kijani ikawaka. Muda si mrefu simu ya msimamizi ikaanza kuita mfukoni mwake, na wote wakapumua.

"Mlinzi, kazi yako ipo," msimamizi alisema. "Ila ufunguo usiuache tena ukutani."

Mjomba hakungoja kuambiwa mara ya pili. Aliufunga ufunguo kwenye mkanda wake, akaazima koleo la mama, akaung'oa ule msumari na kumpa mpwa wake akautupe.